Aliyevunja Husimama Mlangoni

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa tatu na robo asubuhi, rasharasha za mvua zikianza kukata na jua likichungulia kama mgeni asiyealikwa, kioo kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuingia katika karakana ya Rula kilianguka sakafuni.

Kilikuwa kioo cha mbele cha duka la dawa, kinene, kirefu kuliko mtu. Walikibeba watu wawili wenye glavu za ngozi, mmoja kila upande, na zilibaki hatua chache tu kukifikisha kwenye lori. Upande wa mbele alikuwa Fundi Fremu, seremala mzee wa karakana. Upande wa nyuma alikuwa Almasi, mdogo wake Rula, tumbo moja, ziwa moja. Jina la Almasi alipewa na wenzake kwa sababu mstari wake wa kukatia haukupata kupinda tangu aianze kazi hiyo. Ni upande wa nyuma ulioachia.

Mlio wake ulisikika mpaka barabara ya pili. Kisha kukawa kimya, ule ukimya wa watu wanaohesabu vidole vyao. Na katikati ya kimya hicho, Almasi akacheka.

Hakikuwa kicheko cha aibu wala cha hofu. Alicheka kwa sauti, akajipinda, machozi yakamtiririka, akapunga mkono kana kwamba anawaomba watu wangoje kidogo, kisha akacheka tena. Dereva wa lori, aliyekuwa ameegemea mlango wa gari lake, naye akaanza kucheka pasipo kujua anacheka nini.

Rula alishuka ngazi za ofisi taratibu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shati lililopigwa pasi hata mikunjo yake ikaonekana inaweza kukata karatasi. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa chuki, naye akalipokea kwa fahari. Yeye na mdogo wake walilelewa na shule ya bweni ambayo kengele yake haikujua kubembeleza, na kutoka huko Rula alikuja na kanuni moja akaipigilia katika karakana kama msumari: aliyevunja husimama mlangoni. Husimama na vipande vya alichokivunja juu ya sinia, hadi jioni, na kila apitaye humwambia, “Nimevunja, mimi.” Apitaye hujibu, “Nimesikia.” Jioni aliyevunja hufagia karakana nzima, na siku ya pili hakuna anayelitaja tena. Hakukatwa mshahara mtu, hakutukanwa mtu. Rula aliamini kwamba kanuni hiyo ilikuwa na heshima kuliko faini yoyote, na kwa hilo hakukosea. “Haina mdogo wala mkubwa,” alipenda kusema.

“Umekunywa nini?” alimwuliza mdogo wake.

“Sijanywa, Kaka.” Maneno yalitoka mazito, kama ulimi umevimba, na nyuma yake kicheko kikafuata.

“Unacheka?”

“Siwezi... sicheki, Kaka.”

“Sema kauli ya meza.”

Kauli ya meza iliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya meza kuu ya kukatia, na kila aliyeajiriwa pale aliijua kama jina la mama yake: Kikikataa kukatika, kikate tena mpaka kikatike. Almasi mwenyewe ndiye aliyeitunga, enzi ambazo angeweza kuisema akiwa na penseli mdomoni.

“Kiki... kikataa...” Alimeza mate. “Kikitaka...”

“Tena.”

“Kaka, mbele ya watu...”

“Ulivunja mbele ya watu. Tena.”

Alijaribu mara nyingine, na maneno yakabingirika kinywani mwake kama kokoto. Dereva wa lori alijipiga paja. “Huyo amepiga maji tangu alfajiri!” Mama Risiti, mwanamke mnene aliyekaa kwenye dirisha la malipo, alisema bila kuinua kichwa, “Wewe dereva, nyamaza, usije ukapimwa na wewe.” Lakini hata yeye hakumtazama Almasi.

Almasi akasimama mlangoni na sinia lake. Aliwaambia wapitao, “Nimevunja, mimi,” na kila aliposema, wateja walinusa hewa. Baada ya saa sita mchana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, sinia likainama upande, na vipande vyote vikamwagika miguuni mwa bibi mmoja aliyekuja kuchukua kioo cha kabati. Na Almasi, uso umejaa fadhaa, akacheka tena.

Hapo ndipo Rula alipopaza sauti, jambo asilolifanya mara mbili kwa mwaka.

“Mlevi hakai kwenye kioo! Toka. Na jina langu usilitaje huko uendako. Sina ndugu mlevi.”

Almasi hakuwa amepata kuonja pombe maishani mwake, na Rula alilijua hilo. Lakini jicho lake lilikuwa limeona, na Rula alikuwa mtu wa kuamini jicho kuliko historia.

Wote walikuwa wameona zaidi ya hapo, ila walikosea kusoma. Miezi mingi nyuma, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada katika mkono wa kulia wa Almasi ilianza kubonyea. Fundi Fremu alimtania: “Mkono wako unafunga? Mbona umekonda peke yake?” Katika kazi ya kioo kila mtu ana kovu, na kila mtu alidhani ni mshipa uliokatwa zamani. Misuli ya bega lake ilikuwa ikichezacheza chini ya ngozi hata akiwa ametulia, nao wakasema anafikiria ngoma. Kifaa cha kukatia kilimponyoka, wakasema amezeeka. Mahali pengine popote mtu ambaye vidole vyake vinaachia vitu angepelekwa kwa daktari. Pale alipelekwa mlangoni.

Uvumi hauna haja ya nauli. Kabla ya mwezi kwisha, mtaa mzima ulijua kwamba Almasi amefukuzwa na kaka yake kwa ulevi. Akijikwaa barabarani, watu walisogea pembeni na kuguna. Muuza duka alimpa chenji mkononi akiwa amegeuza uso. Kila alivyozidi kupepesuka, ndivyo kauli ya Rula ilivyozidi kuonekana kweli.

Mwezi wa sita, mke wa Almasi alikuja karakana. Alikuwa mshona mapazia, mwanamke mdogo wa umbo, aliyezoea kuchomeka pini kwenye ukosi wa gauni hata akisahau kuzitoa akitoka nyumbani. Hakuketi.

“Shemeji, daktari wa mishipa ya fahamu anataka ndugu waje. Kesho saa nne.”

“Aache pombe kwanza.”

“Shemeji,” alisema yule mwanamke, na sauti yake haikupanda wala kushuka, “nimelala na mtu huyo miaka kumi na tisa. Nikikwambia pombe haijui njia ya nyumba yangu, unaniita mimi mwongo au mjinga? Chagua moja, niende nalo.”

Rula hakuchagua. Kesho yake saa nne kasorobo alikuwa hospitalini, kwa sababu hakupata kuchelewa popote.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Alimtazama Almasi, si wale waliomleta.

“Mwilini mwako mna neva ambazo kazi yake ni moja tu: kuchukua amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo na kuifikisha kwenye misuli. Inua mkono. Tafuna. Meza. Vuta pumzi. Neva hizo zinakufa. Msuli usioletewa amri hunyauka, kama huu wa kiganja chako. Kwako ugonjwa umeanza mkononi na kwenye ulimi. Utakwenda miguuni, utakwenda kooni, na mwisho utafika kwenye misuli ya kupumulia.”

“Tiba yake?” aliuliza Rula.

“Haipo. Ipo dawa inayopunguza kasi kidogo, na yapo mengi ya kufanya ili aishi vizuri muda alionao. Wengi huishi miaka michache. Wachache huishi mingi. Siwezi kukuahidini mko upande gani.”

“Ni wa kuambukiza?” aliuliza mke.

“La. Na mara nyingi si wa kurithi. Hakuula, hakuunywa, hakurogwa.”

Neno “hakuunywa” lilipita chumbani na kwenda kukaa mahali linapojua.

“Na akili yake?” aliuliza Rula.

“Kwa wengine hubadilika. Kwake ni nzima, nimeipima. Anasikia na kuelewa kila neno. Kwa hiyo usiniulize mimi habari zake akiwa ameketi hapo. Mwulize yeye.”

Rula alikohoa. Kulikuwa na swali moja lililomkaa kooni kama mfupa, na akalitoa. “Alivunja kioo akacheka.”

“Ndiyo,” alisema daktari, kana kwamba ameambiwa kwamba nje kuna mvua. “Kwa baadhi ya wagonjwa breki ya kicheko na ya kilio hulegea. Anaweza kucheka msibani na kulia harusini, na moyoni mwake hamna la kuchekesha wala la kuliza. Ni ugonjwa unaocheka, si yeye.”

Rula alitazama viatu vyake. Viling’aa kama kawaida.

Kisha daktari alieleza habari ya mrija. Siku itakuja ambapo Almasi hataweza kumeza bila kupaliwa. Mrija mdogo hupitishwa moja kwa moja tumboni, chakula na maji hupita humo. Lakini ni lazima uwekwe mapema, mapafu yakiwa bado na nguvu. Akichelewa, hata dawa ya kumtuliza kwa upasuaji huo mdogo itakuwa hatari kwake. “Msingoje njaa ndipo mtafute mrija,” alisema.

Almasi akazungumza. Yalimchukua muda maneno yake, na hakuna aliyemsaidia kuyamalizia.

“Kaka. Uliniita mlevi mbele ya watu.”

“Nitakununulia kiti cha magurudumu. Nitajenga mteremko mlangoni kwako. Kitanda kile cha kuinuka...”

“Simama mlangoni.”

“Mimi?”

“Haina mdogo wala mkubwa. Maneno yako.”

“Mimi sikuvunja kioo.”

“Umenivunjia heshima.” Alipumzika, akavuta pumzi. “Ukisimama, naweka mrija. Usiposimama, siweki.”

Mke wake alisimama ghafla, na pini moja ikamdondoka kutoka ukosini. “Mnacheza bao na tumbo la nani? Shule ile iliwafundisha nini nyie, kufa mkiwa mmenyooka?”

 Ndugu wawili walitazamana kama zamani, walipokuwa wakishindana nani atakaa muda mrefu zaidi chini ya maji ya baridi.

Kuanzia siku hiyo Rula alifanya kila kitu. Alijenga mteremko kwa mikono yake, na kipimo cha maji cha waashi kilipolazwa kwenye upana wake hakikuona kasoro. Alileta kitanda cha kuinuka. Aling’oa mlango wa bafu na kuupanua. Kila Jumamosi alimpeleka shemeji yake na mdogo wake kwenye chumba kimoja cha hospitali, ambako familia zenye ugonjwa huo zilikutana kufundishana. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke waliyemwita Mjane wa Nahodha, aliyemwuguza mumewe mpaka pumzi ya mwisho kisha akakataa kurudi nyumbani kukaa na maarifa yake.

“Wewe ndiye kaka aliyemwita mlevi?” alimwuliza Rula siku ya kwanza, mbele ya watu wote.

Rula alikakamaa. “Ni mimi.”

“Basi. Hapa hatufukuzi mtu, hata wa aina yako. Kamata bega hilo, tukufundishe kumgeuza. Si hivyo! Huyo si gunia la saruji, wala wewe si kuli. Mkono mmoja begani, mmoja nyongani, mwambie kwanza unachotaka kufanya, ndipo umbingirishe. Haya.”

Alijifunza. Alijifunza kumwinamisha Almasi kidevu anapomeza, kuyafanya maji yawe mazito ili yasikimbilie njia ya hewa, kumlaza bila kumchubua. Aliyafanya yote barabara, na usiku alilala akiwa na hakika kwamba hakuna kaka katika mji ule aliyefanya zaidi. Ila lile moja hakulifanya.

Si kwamba alilisahau. Aliliwaza kila asubuhi akifungua mlango ule. Alijiambia kwamba mwenye karakana akisimama na sinia, kesho fundi atamwambia “subiri”. Alijiambia kwamba tayari watu wanajua, kwani Mama Risiti kajua, na akijua Mama Risiti, imetangazwa redioni. Alijiambia kwamba Almasi atachoka kushindana, maana mwenye njaa hana mwiko. Hoja zote tatu zilikuwa zimenyooka, naye alizipenda kwa kunyooka kwake.

Sauti ya Almasi ilikwisha mwezi wa kumi. Mtaalamu wa matamshi aliwaonyesha ubao wa plastiki angavu wenye herufi: msemaji huangalia herufi, msomaji anayemkabili upande wa pili hufuata macho yake.

“Plastiki itachubuka,” alisema Rula kwa dharau ya mtu wa kioo, na jioni ile ile alikata kioo chembamba, akazipiga msasa kingo zake hata mtoto angeweza kuzilamba, akachonga herufi moja moja kwa nafasi sawa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikipeleka mwenyewe, akaketi mbele ya mdogo wake, akakiinua kati yao. Uso wa Almasi ulionekana nyuma ya herufi, umekonda, mdomo umelegea, lakini macho yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakipima mstari.

Rula alitarajia shukrani. Hakuitaka, ila aliitarajia.

Macho yalikwenda kwenye L. Kisha I. Kisha N. Kisha I tena.

“Lini,” alisoma shemeji yake kutoka nyuma.

“Ile kazi ya hoteli ikiisha,” alisema Rula. “Wageni wengi wanapita sasa. Mwezi ujao.”

Almasi alifumba macho, na hiyo ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kumgeuzia mtu kisogo.

Mwezi uliofuata, siku ya Ijumaa, Almasi alipaliwa na kijiko cha uji. Alipaliwa hata midomo ikabadilika rangi. Mke wake alimwinamisha kama alivyofundishwa, akampigapiga, akaita gari. Hospitalini walimpima mapafu kwa kumpulizisha kwenye mashine, na mshale wa mashine ulisogea kidogo tu, kama mtu mvivu aliyeamshwa.

Daktari aliwatoa nje, akawapeleka kwenye korido iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu.

“Mwezi uliopita ningethubutu kuweka mrija,” alisema. “Leo sithubutu. Akilala chini ya dawa, huenda asiamke. Nimemweleza hatari hiyo nikampa chaguo, na amekataa. Sasa tutamlisha kidogokidogo, kwa uangalifu, kwa raha yake zaidi kuliko kwa nguvu zake. Tutampa mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Hataumia, nitahakikisha. Lakini jiandaeni.”

Alipoondoka, mke wa Almasi alimgeukia Rula. Hakulia. Alikuwa amezoea kulia mahali pasipo na watu.

“Hongera, Shemeji. Umeshinda. Hukusimama.”

“Nilikuwa nimekusudia...”

“Ulikusudia! Nilimpigia magoti mume wangu aweke mrija, akaniambia ‘Kaka atasimama, mimi namjua.’ Kila wiki aliniambia hivyo. Yeye ndiye aliyekuamini. Mimi nilikujua.”

Rula alibaki koridoni hata msafishaji alipofika na kumwomba ainue mguu. Hoja zake tatu alizitafuta asizione.

Alfajiri alimpigia simu shemeji yake, aliyekwisha kurudi nyumbani na mgonjwa wake usiku ule. “Mlete karakana leo. Saa tatu.”

“Jumamosi? Siku ya wateja wote? Kwa faida gani sasa, Shemeji? Mrija hauwekwi tena.”

“Hakuna faida,” alisema Rula. “Kanuni haikuwekwa kwa ajili ya faida.”

Saa tatu walifika. Almasi alikuwa kwenye kiti, shingo imeshikiliwa na mto wa kola, miguu imefunikwa blanketi, na kile kioo cha herufi kikiwa mapajani pa mkewe. Rula alikwisha kusimama mlangoni, shati limepigwa pasi, sinia la bati mikononi. Sinia lilikuwa tupu.

Wafanyakazi walijibanza ndani kama watoto walioona baba yao yuko uchi.

“Piteni,” alisema Rula. “Mmoja mmoja. Mnaijua kanuni.”

Fundi Fremu alitangulia, kofia mkononi.

“Nimevunja, mimi,” alisema Rula.

Mzee alilitazama sinia. “Bosi, mbona hamna kitu? Umevunja nini?”

“Heshima ya ndugu yangu. Mliambiwa alikuwa mlevi. Hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa, neva za misuli yake zilikuwa zinakufa, nami nikamtangaza mlevi mbele yenu na nikamfukuza. Na aliponitaka nisimame hapa, nikamchelewesha mpaka kuchelewa kwangu kukampotezea mrija ambao ungemrefushia uhai.”

“Nimesikia,” alisema Fundi Fremu, akavaa kofia yake na kupita.

Mama Risiti alipita. “Nimesikia,” alisema, kisha, kwa kuwa hakuweza kupita mahali bila kuacha neno, “Ila umechelewa, baba. Umechelewa sana.”

“Hilo nalo nimelisema.”

“Nami nalirudia.”

Walipita mafundi. Walipita wateja, ambao hawakujua wajibu nini, na Fundi Fremu akawaelekeza. Alipita mwenye duka la dawa. Bibi wa kioo cha kabati alisikiliza mpaka mwisho, akasema “nimesikia,” kisha akaenda kumshika Almasi mkono na kumwomba radhi kwa kunusa. Mikono ya Rula ilianza kuuma. Alikuwa ameshika sinia tupu, na hakujua kama sinia tupu linaweza kuwa zito namna ile.

Mchana alifika dereva wa lori, yule yule. Rula alianza: “Nimevunja, mimi,” na kabla hajamaliza, Almasi akacheka.

Kilitoka kwa mkoromo, bila sauti ya maneno, mabega yasiyotikisika, kinywa wazi, mate yakimshuka. Kilikuwa kikubwa kuliko mwili uliobaki. Kiliijaza karakana, kikaenda mpaka barabarani, na watu wakasimama kutazama: mtu mrefu mwenye sinia tupu, na mtu kwenye kiti anayemcheka.

Uso wa Rula ulimwaka moto. Lakini alikuwa amefundishwa, na akasimama wima na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

“Msimshangae. Kicheko hicho ni cha ugonjwa. Si yeye anayecheka.”

“Na siku ile pia?” aliuliza dereva polepole.

“Siku ile pia.”

Dereva alishusha macho. “Nimesikia,” akasema. “Na mimi nilicheka siku ile. Mimi sikuwa na ugonjwa.”

Almasi bado alikuwa akicheka, lakini macho yake yalikuwa yakimwita mkewe. Mke aliujua ule mtazamo. Aliinua kioo, akakaa mbele yake, akafuata macho herufi kwa herufi, akitamka moja moja, na karakana nzima ikimsikiliza.

“H. I. K. I.” Alinyamaza. “Hiki.” Kisha tena: “C. H. A. N. G. U.”

Alishusha kioo mapajani. Hakugeuka kumtazama Rula.

“Anasema, hiki changu.”

 Rula aliuma meno hata taya likatokeza. Hakushusha sinia, wala hakusema neno, kwa kuwa kanuni haikumpa aliyesimama mlangoni neno la kujitetea. Kicheko kiliendelea mpaka pumzi ya mwenyewe ikakikata. Mke wake akamfuta kidevu. Kisha akaja mteja mwingine, na Rula akaanza tena: “Nimevunja, mimi.”

Jioni Mama Risiti alishusha pazia la dirisha lake. Rula aliweka sinia juu ya meza ya kukatia, vidole vimekakamaa kiasi kwamba ilibidi avifungue kwa mkono mwingine, kimoja baada ya kingine. Alikwenda akapiga goti mbele ya kiti, akachukua kile kioo mwenyewe, akakiinua kati yao.

“Bwana mdogo,” alisema. “Deni limekwisha?”

Macho ya Almasi yalikaa juu yake muda mrefu kabla ya kwenda kwenye herufi. Rula aliyafuata pasipo kukosea hata moja.

Umelipa.

Alitaka kushusha kioo, lakini macho hayakuwa yamemaliza. Yalitua kwenye F, yakaenda kwenye A, kwenye G, kwenye I, kwenye A tena.

Rula akasimama, akaenda kuchukua ufagio, akafagia karakana yote, kuanzia nyuma ya mashine ya msasa mpaka mlangoni, na mdogo wake akamsimamia kwa macho mpaka kona ya mwisho.